Alama za GRE na udahili wa uzamivu wa takwimu

Kila msimu wa udahili mimi hupokea ujumbe kutoka kwa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaouliza kama alama 165 za sehemu ya hesabu ya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, zinatosha kuwapatia nafasi ya uzamivu wa takwimu nchini Marekani. Nimeketi kwenye kamati ya udahili miaka kadhaa, na huwajibu kwamba alama hizo hazimwingizi mtu, ila zikiwa ndogo mno humkwamisha.

Sehemu hiyo hupimwa kati ya 130 na 170, na maswali yake ni ya hesabu za sekondari: asilimia, wastani, pembetatu, kusoma grafu. Kalkulasi (calculus) haimo. Waombaji wetu wamejazana kileleni, hivyo tofauti ya 167 na 169 huenda ni swali moja au mawili yaliyosomwa kwa pupa. Tuliwahi kuwa na mafaili mawili mezani, moja lenye 170 na C ya uchanganuzi wa namba halisi (somo la kuthibitisha kanuni za hisabati), jingine lenye 164 na A ya somo hilohilo. Mjadala haukufika dakika tano, kwa kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukwama kwenye uthibitisho, si kwenye asilimia.

Hata hivyo, siungi mkono wanaodai kuwa mtihani haupimi chochote kwa sababu alama za waliokwisha kudahiliwa hazitabiri nani atafaulu. Huko ni kuchekecha unga, kisha kulilaumu chekeche kwamba punje zilizopita zinalingana. Zaidi ya hayo, aliyepita na alama ndogo alibebwa na sifa nyingine nzito, na uteuzi wa namna hiyo huzua, kati ya alama na sifa hizo, uhusiano wa kinyume usiokuwapo kwa waombaji wote. Mwanatakwimu Joseph Berkson aliueleza mtego huu mwaka 1946 kwa mfano wa wagonjwa wa hospitali.

Wakati wa korona idara nyingi ziliacha kudai GRE, na baadhi hazijairudisha. Ada yake, takriban dola 220, si pesa ya kuchezea. Lakini kwa anayetoka chuo ambacho kamati haikijui, alama nzuri huwapa wasomaji kipimo wanachokifahamu, na mimi binafsi nimeona ikisaidia. Basi soma ukurasa wa idara kwa makini: palipoandikwa kuwa ni hiari, 167 itume, palipoandikwa kuwa haipokelewi, hakuna atakayeifungua.