Pampu ya hewa ya tanki la samaki haina mota inayozunguka

Wengi tunaamini ile pampu ndogo ya hewa ya tanki la samaki ina kamota ndani, kwa hiyo hewa ikipungua basi mota imechoka, tupa nunua nyingine. Inaeleweka, maana inanguruma kama mota kweli.

Ila ukiifungua (chomoa kwanza kwenye umeme jamani) hukuti kitu kinachozunguka. Kuna koili ya waya, na mbele yake kamkono kenye sumaku kalikoshikana na kiwambo cha raba. Umeme wa majumbani huku kwetu ni wa hezi 50, yaani unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, sasa koili inavuta sumaku inaisukuma inaivuta tena, raba inapanda na kushuka, na vivalvu viwili vinaachia hewa iingie huku itokee kule bila kurudi. Mngurumo ndo huo mtetemo wenyewe. Ndo maana ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, ambayo umeme wake hauendi na kurudi, haipigi kazi, sumaku inavutwa mara moja inabaki hapohapo, na koili inaweza hata kuungua.

Kwa hiyo ikinguruma ila hewa haitoki, mara nyingi koili ni nzima. Anza kwa kuchomoa lile jiwe la mapovu la mwisho wa mpira wa hewa, hewa ikija kwa nguvu basi jiwe ndo limeziba. Isipokuja, fungua skrubu za chini uangalie raba, ukiikunja taratibu mpasuko unaonekana, na vivalvu huwa vinanasa vumbi. Raba peke yake inabadilishwa tu.