Je, wajua risasi mbili za Sarajevo zilifikaje kuwa Vita ya Kwanza ya Dunia?

Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, na mkewe Sophie. Wote wawili walikufa. Princip alikuwa Mserbia wa Bosnia, nchi iliyotwaliwa rasmi na Austria-Hungaria mwaka 1908, na kundi lake lilitaka Waslavi wa kusini waungane na kujitawala. Asubuhi hiyohiyo mwenzake alirusha bomu, likakosa shabaha. Baadaye dereva wa mwanamfalme akakosea njia, akasimamisha gari mbele ya Princip.

Lakini mauaji peke yake hayaleti vita. Mwaka 1898 Mwitaliano alimuua Elisabeth, mke wa mfalme mkuu wa Austria yuleyule aliyetawala mwaka 1914, na Italia haikushambuliwa. Safari hii wauaji walipewa silaha nchini Serbia kwa msaada wa maofisa wa jeshi la huko, na wakubwa wa Vienna, mji mkuu wa Austria, walikuwa wakitafuta sababu ya kuivunja Serbia.

Mwanzoni mwa Julai Ujerumani iliwaahidi kuwaunga mkono kwa lolote. Kwangu mimi, ahadi hiyo ilikuwa na uzito kuliko bastola ya Princip, kwani iliwaondolea Waaustria hofu ya Urusi. Tarehe 23 Julai waliipa Serbia masharti na saa 48 za kujibu. Serbia ilikubali karibu yote, ikakataa tu maofisa wa Austria kushiriki uchunguzi katika ardhi yake. Tarehe 28 Julai vita ikatangazwa.

Urusi, mlinzi wa Serbia, ikakusanya majeshi. Mpango wa Ujerumani ulikuwa kuipiga kwanza Ufaransa, mshirika wa Urusi, kwa kupitia Ubelgiji, kabla Warusi hawajawa tayari. Ubelgiji ikavamiwa tarehe 4 Agosti, na Uingereza ikaingia siku hiyohiyo.

Tarehe 8 Agosti, hata wiki sita hazijatimia tangu Sarajevo, manowari ya Uingereza iliipiga Dar es Salaam mizinga, kwa kuwa ilikuwa katika koloni la Wajerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika, wengi wao waliochukuliwa kwa nguvu, walikufa kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya mapigano kusimama Ulaya.