Kahawa ya maboga isiyo na boga, na Oktoba yetu isiyo na mapukutiko

Kila mwaka, joto la Septemba linapoanza kupanda na vumbi likiwa bado halijapata tone la mvua, swali lilelile huingia mlangoni kwangu: "Yaya, ile kahawa ya maboga muko nayo?" Anayeuliza huwa ameiona katika simu yake: bilauri ndefu, povu jeupe, unga wa mdalasini uliotapakaa juu, na nyuma yake miti yenye majani mekundu. Kazi yangu ni kukaanga kahawa na kuwafundisha wahudumu wa mashine za espreso hapa Lubumbashi, na kwa kawaida hujibu kwa upole. Mwaka huu, hata hivyo, swali limenijia kutoka kwa mwenye mkahawa, mtu wa kazi kabisa, aliyekuwa tayari kuagiza katoni nzima ya siro, ile sharubati nzito ya kutia ladha, kutoka ng'ambo "kwa sababu msimu umefika", na upole umenikauka. Msimu upi?

Jiji letu liko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Septemba, Oktoba na Novemba, ambazo kwa watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni miezi ya mapukutiko, yaani majira ya majani kuanguka, kwetu ni mwisho wa kiangazi na mwanzo wa mvua, na Oktoba kwa kawaida hutuchoma kuliko mwezi mwingine wowote. Kama ni lazima tuazime majira manne ya watu, basi mapukutiko yetu ni Machi hadi Mei, sawa na ya Johannesburg, wakati mvua zinapoaga na baridi ya Juni na Julai ikiwa njiani. Wapo vijana wanaotoka nje ya jiji mwezi wa Septemba, wakasimama na kikombe mkononi mbele ya miombo yenye majani ya rangi ya shaba, wakapiga picha na kutangaza kwamba mapukutiko yamefika Katanga. Picha ni nzuri, sikatai. Ila majani yale hayajakaribia kuanguka, ndiyo kwanza yanachipua: miombo mingi hutoa majani mekundu kabla ya mvua, na baadaye tu yakageuka kijani.

Sasa boga lenyewe. Kinywaji kilichoeneza mtindo huu kiliingizwa sokoni na Starbucks mwaka 2003, na kwa zaidi ya miaka kumi hakikuwa na boga ndani yake. Rojo la boga liliongezwa katika mchanganyiko huo mwaka 2015. Kinachoitwa ladha ya maboga ni viungo ambavyo Wamarekani hutia katika pai yao ya maboga, yaani mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Boga, kama anavyojua yeyote anayelipika nyumbani, lina utamu wa kiasi na uzito mwingi, na harufu yake ni ya chini. Anayeonja kinywaji kile akasema amelisikia boga, amesikia mdalasini na sukari. Wala kahawa ya viungo haikuanzia Marekani: watu wa pwani hunywa kahawa chungu yenye tangawizi au iliki, na Wasenegali wana kahawa yao ya Touba, inayotiwa tunda kali la mti wa Xylopia aethiopica. Yote hayo hunywewa mwaka mzima, bila kungoja jani lolote lianguke.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, si siro. Siro ni sukari na manukato, na anayeiuza kwa jina lake hamdanganyi mtu. Linaloniudhi ni mkahawa unaojigamba kwamba hautumii siro, kisha mhudumu akachota unga wa mdalasini kwa kijiko na kuutupa ndani ya espreso. Unga ule hauyeyuki. Huelea kwanza, hushikamana kwa vidonge, kisha hushuka na kuwa ute mzito chini ya kikombe, na mnywaji anamaliza kinywaji chake akiwa anatafuna. Harufu ya mdalasini hubebwa hasa na sinamaldehaidi, ambayo huingia katika maji kwa shida na katika mafuta kwa urahisi. Kwa hiyo kazi hii ni ya maziwa yenye mafuta yake yote. Mimi hufundisha hivi: magome yavunjwevunjwe bila kusagwa, yatiwe katika maziwa juu ya moto mdogo usiofikia kuchemka, yakae humo robo saa chungu kikiwa kimefunikwa, kisha maziwa yachujwe, yapozwe na kuwekwa katika friji, na yatumike siku hiyohiyo. Karafuu mbili kwa lita moja zinatosha. Ukizidisha, mteja atakumbuka kiti cha daktari wa meno, kwa sababu ni mafuta yaleyale ya karafuu yanayotumika kule. Kungumanga hukwanguliwa juu ya povu dakika ya mwisho, basi.

Tangawizi ndiyo inayowaumbua wengi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zinjibeini, kinachokata protini za maziwa, na hufanya kazi kwa nguvu karibu na nyuzi 60 za Selisiasi, yaani palepale tunapoyafikisha maziwa ya kapuchino kwa bomba la mvuke. Wachina wa Guangdong hukitumia kwa makusudi ili kugandisha maziwa yawe kitindamlo laini. Mhudumu wetu hukitumia bila kujua, akayaona maziwa yamekatika mbele ya mteja, na lawama zote akampelekea muuza maziwa. Nimeshuhudia ugomvi wa namna hii ukifika mahali pa kurudishiana fedha. Dawa yake ni nyepesi: tangawizi ichemshwe peke yake katika maji, ichemke kwelikweli kwa dakika kadhaa, ndipo ikutanishwe na maziwa. Na kwa kuwa wengi wetu hutumia maziwa ya unga, mtu asome maandishi ya mfuko kabla ya kunung'unikia povu. Ikiwa mafuta ya maziwa yameondolewa na mahali pake yametiwa mafuta ya mimea, povu halitakuwa lile unalolitarajia. Ikiwa ni maziwa kamili, gramu 130 hivi kwa lita moja hukupa kitu cha kufanyia kazi. Wanaotia nusu ya hapo ili kubana matumizi wanapasha maji meupe.

Hayo yote ni ya viungo, na viungo havibadiliki mwezi wa Oktoba. Gome la mdalasini lililopo sokoni leo ndilo lililokuwapo Februari. Kinachobadilika ni kahawa, na hapa ndipo mtindo wa picha unapowapotosha watu: wanatafuta upya katika kitu kisicho na msimu, huku kitu chenye msimu kikiwa ndani ya kikombe, kimezikwa chini ya sukari. Arabika, aina ya kahawa inayolimwa Kivu Kusini, ya Kalehe, ya Kabare na ya kisiwa cha Idjwi, huvunwa hasa kati ya Machi na Juni. Matunda humenywa, punje zikachachushwa, zikaoshwa na kuanikwa juu ya meza, zikapumzika ndani ya ganda lake, zikakobolewa na kuchambuliwa, ndipo zianze kutafuta njia ya kutufikia, na njia hiyo, kwa hali ya mashariki ya nchi yetu, haina ahadi. Kwa hesabu hiyo, kahawa ya mavuno mapya huweza kuonekana Lubumbashi katika miezi ya mwisho ya mwaka, wakati uleule ambao watu wanaulizia maboga. Ikitengenezwa bila maziwa, kwa chujio tu, huwa na uchachu wa chungwa lililoiva na utamu unaokuja nyuma yake. Kahawa ya mwaka juzi iliyolala ghalani hunuka karatasi na gunia, na hakuna ustadi wa kukaanga utakaoirudisha.

Kwa hiyo anayetaka kinywaji cha kipekee katika mikahawa midogo ya jiji hili, awe mjini kati, Golf au Bel-Air, asianze na orodha ya ukutani. Amuulize mhudumu mambo mawili: kahawa hii ni ya mavuno ya lini na ya wapi, na katika kinywaji hiki mmepika nini ninyi wenyewe? Jibu la "ni kahawa ya kwetu Congo" si jibu. Jibu la "subiri nikuulizie" ni zuri kuliko watu wanavyodhani, maana angalau kuna wa kuulizwa. Akitajiwa mahali na msimu, aombe kunusa unga kabla haujatiwa maji. Ukisikia harufu ya kiazi kibichi, kali, kama kimemenywa sasa hivi, hiyo ni kasoro inayojulikana ya kahawa za Kivu, Rwanda na Burundi, inayohusishwa na mdudu antestia anayetoboa matunda. Haidhuru afya, lakini punje moja huharibu kikombe kizima, na haionekani kwa macho. Mkahawa mwaminifu humwaga unga huo na kusaga mwingine. Mwingine huongeza mdalasini. Sasa unajua sababu moja ya kuwapo kwa vinywaji vya viungo ambayo haiandikwi popote.

Nafika hapa nikiwa na shaka ambayo vitabu vya mafunzo huiruka. Nikiweka mezani vikombe vya maziwa yenye viungo na sukari, kimoja cha arabika bora ya Idjwi na kingine cha kahawa ya kawaida tu, bila alama, wanafunzi wangu hawatambui kwa uhakika kipi ni kipi, na mimi mwenyewe, siku ambazo viungo vimekolea, nakisia tu. Vitabu husema kahawa bora hufanya kila kinywaji kuwa bora. Siamini tena. Naona ni kumwonea mkulima kuitia kahawa yake katika mchanganyiko ambao haitasikika, na kwamba robusta, ile aina nyingine ya kahawa, ikiwa safi na iliyokaangwa kwa uangalifu, yenye uzito na uchungu wa kushindana na maziwa, ndiyo inayofaa hapo. Wenzangu wa arabika hawapendi nikisema hivyo hadharani. Shaka ya pili ni ya mavuno mapya yenyewe: yakija mapema mno huwa na ladha ya majani mabichi, na siku hasa ambapo ubichi unaisha na upya unaanza, hakuna kalenda inayoitaja. Huonjwa, na waonjaji wawili hutofautiana.

Kwa wanaosafiri: mtu wa Lubumbashi akiwa Brussels mwezi wa Oktoba, mapukutiko atayakuta kweli, na sheria ni ileile ya kuuliza kilichopikwa pale. Tufaha hukamuliwa majira hayo, na espreso iliyokutanishwa na maji ya tufaha yaliyopashwa moto ni kitu cha kuonja walau mara moja. Njugu za chestnati pia ni za wakati huo. Ladha ya biskuti za spekulosi, ambayo huuzwa kama ya mapukutiko, kwa asili ni ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba. Na siro ya mti wa mepo, inayopambwa kwa majani mekundu kwenye matangazo, hutoka katika utomvu unaokingwa mwishoni mwa baridi, kuelekea machipuko. Nao huko wanadanganyana.

Kwetu, boga liko tele kuanzia Machi, baada ya miezi ambayo tumekuwa tukila majani yake, bibwabwa, bila kuyapigia picha. Hapo ndipo mkahawa wa Lubumbashi ungeweza kuandika kinywaji cha mapukutiko bila kumdanganya mtu. Boga lichomwe likiwa na ganda, lisichemshwe, maana maji huliharibia utamu. Nyama yake isagwe na maziwa yaliyokwisha kupokea mdalasini, ichujwe mara mbili kwa chujio laini, na itiwe vijiko viwili tu katika kikombe chenye espreso ya robusta, gramu 18 za unga kwa gramu 36 za kinywaji. Hata ukichuja, nyuzi hushuka chini baada ya dakika chache, kwa hiyo hiki si kinywaji cha kubeba garini. Hunywewa papo hapo, kikiwa kimekorogwa. Viazi vitamu huvumilia zaidi, na huko Korea late ya viazi vitamu ni kinywaji cha kawaida kabisa, ingawa mara nyingi haina kahawa. Mwenye mkahawa wangu wa katoni ameniuliza kama bei inaweza kuwa sawa na ya late ya kila siku. Haiwezi: boga moja hukaa katika oveni karibu saa nzima, na umeme ukikatika kabla saa hiyo haijaisha, siku hiyo kinywaji hakipo.