Upotevu wa Mwanga Katika Faiba ya Mtambo wa Moto ni Nini?

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaobeba taarifa kwa mwanga. Upotevu wa mwanga ni kiasi cha mwanga kinachopungua kati ya ncha moja ya faiba na ncha ya pili. Hupimwa kwa desibeli. Zikipotea desibeli 3, mwanga unaofika ni nusu ya uliotumwa. Zikipotea 10, inafika sehemu moja tu kati ya kumi. Paneli ya king'ora cha moto, yaani sanduku linalopokea taarifa za vihisi, hutoa taarifa ya hitilafu mawasiliano yakikatika. Mwanga ukidhoofika kidogo kidogo, paneli nyingi hukaa kimya. Ndiyo sababu mtu asiridhike kuambiwa "inafanya kazi". Adai kuonyeshwa vipimo.

Hoteli nyingi za ufuoni hapa Malindi si jengo moja. Mapokezi yako upande wa barabara, vyumba vimetawanyika bustanini hadi karibu na mchanga, nyumba za wafanyakazi ziko nyuma kabisa, na mapaa mengi ni ya makuti. Makuti yakishika moto huku kusi inavuma, hakuna muda wa mlinzi kukimbia kupeleka habari. Kwa hiyo majengo makubwa huwekewa paneli, na paneli hizo huunganishwa kwa faiba. Kioo kinafikisha taarifa mbali, tena hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ya masika ikipiga upande mmoja haipiti ndani ya faiba kwenda kuunguza paneli ya upande wa pili. Kebo yenye ganda la chuma ina mambo yake: chuma hicho lazima kiunganishwe na waya wa ardhini.

Kabla ya kupima, fundi huhesabu upotevu unaokubalika. Tuseme njia ni ya mita 600, faiba ni ya multimodi (aina yenye kiini kipana, ambamo mwanga hupita kwa njia nyingi), urefu wa wimbi la mwanga ni nanomita 850. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 3.5 kwa kilomita, 0.75 kwa kila mahali konekta mbili (vichwa vya kuchomekea faiba) zinapokutana, na 0.3 kwa kila kiungo cha kuyeyusha, yaani mahali nyuzi mbili zilipoyeyushwa zikawa moja. Kebo itakula 2.1, konekta za ncha zote mbili 1.5, kiungo kimoja 0.3. Jumla ni 3.9. Sasa chukulia kadi za paneli, zinazotuma na kupokea mwanga, zinavumilia hadi 8, na kipimo kimesoma 7.4. Mtambo utafanya kazi, taa ya hitilafu haitaonekana, mwenye hoteli atatia saini. Lakini mwanga unaofika ni chini ya moja ya tano, wakati ulipaswa kuzidi theluthi. Kazi hiyo mimi siipokei, hata kama king'ora kinalia vizuri.

Kipimo chenyewe hutaka chanzo cha mwanga na kipima nguvu ya mwanga. Kwanza vyote viwili huunganishwa kwa kamba fupi ya majaribio, na usomaji ule huwekwa kuwa sifuri. Kisha faiba ya hoteli huingizwa katikati, na kinachosomwa ndicho upotevu wake. Kila uzi upimwe peke yake. Asitokee mtu wa kuchungulia ncha kuona kama inawaka: mwanga huu hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru.

Usomaji ukizidi, usikimbilie kuchimba kebo. Anza na konekta. Ukiitazama ncha yake kwa darubini ndogo ya faiba utaona duara la kioo na katikati yake kiini, sehemu inayopitisha mwanga; kwenye faiba ya multimodi kiini hicho kwa kawaida kina upana wa maikromita 50 au 62.5, chembamba kuliko unywele mwingi. Punje moja ya vumbi inatosha kukiziba. Huku kwetu kuna mchanga mwembamba, na upepo wa bahari hubeba chumvi inayoacha ukungu ndani ya boksi lisilofungwa vizuri. Pangusa kwa kifaa chake, kikavu, kisha pima tena. Shati si kitambaa cha kusafishia.

Baada ya vipimo huja jaribio la kukata. Mara nyingi paneli hufungwa kwa mzunguko, ili njia ikikatika mahali pamoja taarifa izungukie upande wa pili. Waarifu wageni na walinzi, chomoa faiba moja nyuma ya paneli, halafu subiri. Kanuni ya Marekani ya ving'ora vya moto, NFPA 72, inataka hitilafu ionekane ndani ya sekunde 200. Faiba ikiwa bado imechomolewa, puliza moshi wa majaribio kwenye kihisi cha jengo la mbali kabisa: mapokezi lazima yapate taarifa yenye jina sahihi la mahali. Rudisha faiba, kisha rudia upande wa pili.

Namba za kila uzi ziandikwe na zibaki hotelini, zisiondoke na fundi. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 kuhusu kupunguza hatari ya moto kazini zinataka ukaguzi wa usalama wa moto kila miezi 12. Uzi uliosoma 3.1 mwaka jana ukisoma 4.6 mwaka huu, boksi la kwanza kufunguliwa ni lile lililo karibu na bahari.