Je, wajua kwa nini hekalu la Makindu hulisha kila mpita njia bila malipo?

Dereva wa barabara ya Mombasa anajua pa kula: nyama choma ya Emali, chai na mandazi ya Mtito Andei mabasi yanaposimama, machungwa ya kando ya njia ukifika Kibwezi. Ila Makindu, mji wa Kaunti ya Makueni ulio kama kilomita 170 kutoka Nairobi, kuna jiko la aina nyingine kabisa. Liko ndani ya hekalu la Makalasinga, yaani wafuasi wa dini ya Sikh (Masingasinga kwa Watanzania), kando ya barabara kuu. Halina menyu wala keshia. Anayeingia, awe utingo wa lori, familia inayokwenda likizo pwani au mwenyeji wa mjini, hupewa chakula cha moto, hula akashiba na kwenda zake. Haulizwi dini, wala hadaiwi shilingi.

Wengi huchukulia kwamba hiyo ni sadaka kwa maskini. Makalasinga wenyewe hawaioni hivyo. Tajiri akiingia, naye analishwa vilevile, na ni muhimu alishwe.

Mstari mmoja, chakula kimoja

Asili yake ni Punjab, zaidi ya miaka 500 iliyopita. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hii, alizaliwa mwaka 1469 na kufariki 1539. Alikulia katika jamii iliyogawanyika kwa matabaka, na mgawanyiko huo ulionekana wazi sana kwenye chakula. Nani ale na nani, nani ampikie nani, nani aguse chombo cha nani, yote yalikuwa na mipaka. Mtu wa tabaka la juu alijiona amenajisika akila kilichopikwa na wa tabaka la chini. Nanak alifundisha kwamba mbele ya Mungu hakuna wa juu wala wa chini, na fundisho hilo likaingizwa jikoni: pikeni pamoja, ketini pamoja, kuleni kitu kimoja. Jiko hilo la wote ndilo linaloitwa langar.

Makalasinga husimulia kwamba Nanak akiwa kijana alipewa na baba yake rupia 20 akafanye biashara yenye faida. Njiani akakutana na watawa wenye njaa, akazimaliza fedha zote kwa kuwalisha, na aliporudi akasema hiyo ndiyo biashara ya kweli. Guru wa pili, yaani kiongozi wa dini aliyemrithi Nanak, alikuwa Angad, na mkewe, Mata Khivi, ndiye aliyelisimamia jiko. Kitabu kitakatifu cha Makalasinga kinamtaja kwa jina, pamoja na wali wake wa maziwa uliokolea samli. Ni jambo la kupendeza sana: mpishi kutajwa ndani ya maandiko. Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti kwamba anayetaka kuonana naye akae kwanza mstarini ale na watu. Husimuliwa kwamba hata mfalme Akbar, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi, aliketi chini na raia kabla ya kupokewa.

Ukilifahamu hilo, suala la malipo linajijibu lenyewe. Ukiweka bei, hata ndogo, papo hapo watu wanagawanyika: wenye kulipa na wasio nayo. Ukiandika "bure kwa maskini tu", yule maskini itabidi ajitangaze mbele ya watu. Kinachobaki ni kumpa kila mtu chakula kilekile, mahali palepale.

Hekalu lilifikaje Ukambani?

Lilikuja na reli. Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, na takriban 2,500 walifia kazini kwa malaria, kuhara, ajali na, kule Tsavo, simba. Makalasinga walikuwamo wengi, hasa mafundi: maseremala, wahunzi na waashi.

Makindu palikuwa kituo cha reli, na wafanyakazi wa Kiasia wakapiga makazi. Mwanzoni walikutana chini ya mti kuomba na kuimba, Makalasinga, Wahindu na Waislamu pamoja. Mwaka 1926 Makalasinga wa reli wakajenga hekalu pahali hapo. Baadaye reli ilipopunguza shughuli zake mjini, Waasia wengi wakahama, na jengo likabaki chini ya mlinzi Mwafrika. Wasafiri wa barabara ya Mombasa ndio waliolirudishia watu. Mahali pa safari ndefu na jua kali, sahani ya chakula na chumba cha kupumzikia vina thamani yake, kwa hiyo Makindu leo pana pia vyumba vya wageni, navyo havina bei.

Nani anayegharamia?

Waumini. Kalasinga anatarajiwa kutoa sehemu ya kumi ya kipato chake kwa ajili ya jamii. Zaidi ya hapo kuna familia zinazogharamia mlo wa siku nzima kwa sababu ya harusi, mtoto kuzaliwa, mtihani kufaulu au kumbukumbu ya marehemu. Msafiri naye akitaka huacha chochote kwenye sanduku la sadaka. Wengine huleta vitu vyenyewe: gunia la unga, sukari, mafuta, maziwa.

Nguvu kazi pia hutolewa. Kumenya vitunguu, kusukuma chapati, kugawa na kuosha sahani ni ibada, nayo inaitwa seva. Mwenye kampuni anaweza kuwa ndiye anayesugua sufuria siku hiyo, na hakuna anayeshangaa. Mahekalu yenye wageni wa kila siku huajiri wapishi pia, kwa sababu watu wa kujitolea hujaa Jumapili na kupungua Jumanne.

Kwa nini hakuna nyama?

Hapa ndipo hekima ya jiko hili inapoonekana vizuri. Langar haina nyama, samaki wala mayai. Sababu kubwa ni kwamba chakula lazima kimfae kila atakayeingia. Mwislamu ataiulizia nyama imechinjwa vipi. Mhindu hatakula ng'ombe, na Mjaini (wa dini nyingine ya India) hatakula nyama yoyote. Ukipika dengu, mboga, wali na chapati, maswali hayo yanakwisha kabla hayajaulizwa, na watu wote wanakaa mstari mmoja.

Kuna faida ya pili, ya matumizi. Dengu kavu hukaa miezi ghalani bila friji, bei yake ni nafuu, na mchuzi wake huongezeka. Mabasi mawili yakiingia bila taarifa, sufuria ya dengu huongezewa maji ya moto, chumvi na viungo kidogo, ikachemshwa dakika kumi, ikatosha. Nyama haikupi nafasi hiyo.

Jikoni, kwa watu 100

Anayetaka kupika hivi kwenye harambee, msiba au shughuli ya mtaa, vipimo ni hivi. Dengu kavu kilo 6 hadi 7, kwa maji lita 25 hadi 30. Choroko (ndengu za Ukambani) zinafaa sana kwa sababu huiva upesi. Wapunjabi wenyewe hupenda kuchanganya urad, ile ndogo nyeusi, na dengu za chana zilizopasuliwa, nazo zinahitaji kulowekwa usiku kucha. Chemsha na manjano na tangawizi mpaka zipondeke kwa kidole. Kando, kaanga bizari nyembamba katika samli au mafuta ya moto hadi ilie, tia vitunguu viwe vya kahawia, kisha saumu, pilipili na nyanya. Nyanya zikishapondeka na mafuta yakajitenga, mimina juu ya dengu, tia chumvi, chemsha tena nusu saa kwa moto mdogo, malizia na dania.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza, kutia nyanya mapema: ukali wake unazuia dengu kulainika, na utachemsha saa nne bila mafanikio. La pili ni maji ya kisima yenye madini mengi, tatizo linalojulikana vizuri na wakazi wa sehemu kame. Nayo hukaza maganda; tumia maji ya mvua, au magadi kiasi cha ncha ya kijiko, yakizidi dengu hunuka sabuni. La tatu ni kuunguza. Sufuria kubwa huungua chini huku juu hakujachemka, kwa hiyo mwiko lazima ufike kitako na kukwangua kila baada ya dakika chache. Zikishaungua, usikwangue tena. Hamishia za juu kwenye sufuria nyingine na uache za chini zilivyo.

Chapati za langar si zile za ngazi za kwetu zenye mafuta. Ni unga wa atta (ngano isiyokobolewa) na maji tu. Wengine hutia chumvi kidogo. Kwa watu 100, chapati tatu tatu, andaa atta kilo 9 na nusu na maji lita 6 hivi, ukande hadi unga uwe laini usiogandana mkononi, uufunike kwa kitambaa kibichi nusu saa. Madonge ya gramu 50. Chuma kiwe cha moto kweli: kikiwa vuguvugu, chapati hukaukia pale badala ya kufura, ikawa ngumu kama kigae. Ikishafura, pakaa samli kidogo na uzirundike ndani ya kitambaa zisipoteze mvuke.

Kitu kingine utakachopewa ni halua ya ngano, karah prasad, nayo si kitindamlo. Hugawiwa ndani ya ukumbi wa ibada, tonge moja kwa kila mtu, la mkubwa sawa na la mdogo. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: samli kikombe kimoja, atta kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja, maji vikombe viwili. Chemsha maji na sukari pembeni. Yeyusha samli, tia unga, koroga kwa moto wa wastani bila kuacha mpaka ugeuke rangi ya hudhurungi na harufu yake ifanane na karanga zilizokaangwa. Hapo mimina yale maji ya sukari polepole, ukisimama mbali kidogo maana hurusha, na uendelee kukoroga hadi iache kingo za sufuria na samli ianze kuchungulia. Mwenye haraka huharibu hatua ya kukaanga: unga ukibaki mweupe, halua ina ladha ya unga mbichi, na sukari hata ukiongeza haisaidii.

Ukiingia

Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa. Hili la kichwa ni kwa wanaume na wanawake, na watoto pia. Leso, mtandio au kitambaa chochote kinatosha, na mlangoni huwa kuna vitambaa vya kuazima. Kapelo haipendezi. Usiingie na sigara, tumbaku, pombe wala nyama, hata iliyofungwa ndani ya mfuko, acha garini. Mwenye kunuka pombe huombwa asiingie.

Adabu ni kupita kwanza ukumbi wa ibada. Guru wa kumi, Gobind Singh, alitangaza mwaka 1708 kwamba baada yake Guru atakuwa kitabu chenyewe, Guru Granth Sahib, ndiyo maana kimewekwa juu ya jukwaa chini ya paa la kitambaa na hupepewa kama mfalme. Waumini huinama mbele yake. Wewe mgeni si lazima; keti kimya tu, na usikielekezee nyayo. Halua ipokee kwa viganja viwili vilivyounganishwa.

Kisha chakula. Mahekalu mengi hulisha watu wakiwa wameketi sakafuni kwenye mikeka mirefu, mengine yameweka meza. Utapewa sinia la chuma lenye vyumba: dengu, mboga, wali, pengine mtindi na achari, au wali wa maziwa. Chapati hunyooshewa mikono miwili, hurushiwi sahanini. Mgawaji atapita tena na tena, basi chukua kidogo kwanza, kwa sababu kubakisha ndilo kosa linalowaudhi wenyeji kuliko yote. Ukitosheka, funika sinia kwa kiganja. Vyombo vyako vipeleke mwenyewe pa kuoshea.

Kundi kubwa, kama basi la wanafunzi au kwaya, ni vizuri lipige simu kabla. Jiko litawalisha hata bila taarifa, ila kukanda kilo kumi za atta kwa ghafla huwachosha watu waliokwisha kufagia.

Na si Makindu pekee. Kuna mahekalu ya Makalasinga Nairobi, Mombasa, Kericho, Kisumu, Kampala na Dar es Salaam, na kwa kawaida langar yao kubwa ni Jumapili baada ya ibada ya asubuhi. Usiyachanganye na mahekalu ya Kihindu, ambako mgeni hupewa matunda au vitamu vilivyobarikiwa, na mlo kamili huwa zaidi siku za sikukuu kama Diwali. Kwa Waswaminarayan, dhehebu mojawapo la Kihindu, utakuta chakula hakina hata vitunguu wala saumu. Kama huna uhakika hekalu la mtaani kwenu ni la nani, angalia nje: la Makalasinga lina mlingoti mrefu uliovishwa kitambaa cha rangi ya machungwa au buluu, na bendera ya pembetatu yenye alama ya panga.