Jani linalowasha paka

Juzi bibi mmoja wa Langoni, hapa Lamu, alinijia na paka wake ndani ya kikapu cha ukili, amemfunika leso. Paka udenda umemtoka mpaka kifuani, na mdomo anaupangusa kwa mguu wa mbele bila kupumzika. "Mwanangu, wamempa sumu ya panya," akaniambia, na jirani wa kushukiwa alikuwa naye tayari. Nikavaa glavu, nikamfungua kinywa. Ulimi mwekundu, na kwenye meno ya nyuma kumenasa kipande cha jani la kijani chenye baka la manjano.

"Bibi, nyumbani una mani planti?"

Alikuwa nalo, tena kidakani, kile kishubaka cha ukutani, kwenye chupa ya maji.

Ua hili la kutambaa, Epipremnum aureum kwa wataalamu wa mimea, ni la ukoo mmoja na majimbi, yale ambayo watu wa bara huyaita nduma. Aliyewahi kumenya majimbi mabichi anaujua ule muwasho wa mikononi. Ndani ya jani mna fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba kama sindano, zisizoyeyuka majini. Paka akitafuna, zinafyatuka na kumchoma ulimi, ufizi na koo. Udenda unatoka hapo, na pengine matapishi.

Anaumia kweli, ila ni nadra sana kufa. Mimi huogopa zaidi tiba za jikoni: chumvi ya kumtapisha, mafuta ya nazi ya kumnywesha kwa nguvu. Akitapika, koo linachomwa mara ya pili. Mafuta nayo yakipotea njia yanaishia mapafuni. Mpanguse kinywa kwa kitambaa chenye maji, kisha umwekee maziwa au mtindi kidogo alambe mwenyewe. Akivimba, akihema kwa shida, au ikipita siku nzima hajagusa hata kichwa cha samaki, mlete. Na ukiona udenda bila dalili ya jani, usitie kidole mdomoni. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia.

Kumkinga? Kidakani si juu kwa paka wa Lamu, mwembamba vile na miguu mirefu. Tena upepo wa kusi ukipenya dirishani, vile vitawi vinavyoning'inia hucheza, naye hudhani ni mchezo wake. Vikate. Mpandie ngano kwenye kopo, atafune majani yake machanga. Paka wengi hupenda majani laini ya jamii ya nyasi.

Yungiyungi la kweli, Lilium, lile ua kubwa linalopambwa hotelini, hilo usiliingize ndani kabisa. Chavua yake tu ikimwangukia manyoyani akajilamba, figo zaweza kufa ndani ya siku chache.

Bibi hakukubali kulitupa ua lake. Amempa yule jirani aliyemshuku, ambaye hafugi paka.