Mapato ya kaya kwa kaunti Marekani, namba tunazozisoma vibaya

Juzi shemeji yangu kanipigia, anataka kuhamisha familia, anasema kuna kaunti kaiona sensa ya 2000 mapato ya kaya (mediani, namba ya katikati) yalikuwa dola 41,000 na kwenye data za 2015–2019 yamefika 57,000, "huko pesa inakua shemeji, nafungasha". Mi hizi namba nashinda nazo kutwa na iliniuma kweli, maana mtu anataka kutoa watoto shule kwa sababu ya namba aliyoisoma kombo.

Dhana: dola ni dola, 57 ni kubwa kuliko 41.

Ukweli: ile 41,000 ni dola za 1999 (sensa ya 2000 iliuliza mapato ya mwaka uliopita) na hizo za pili ni dola za 2019, hapo katikati bei zimepanda zaidi ya asilimia 50. Tulikaa kwenye simu tukapiga hesabu pamoja, 41,000 zake zikawa karibu 63,000 kwa bei za 2019, yaani kaunti yake haijapanda, imeshuka kama dola 6,000. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza sasa mbona hawaandiki. Wanaandika, ila kwa maandishi madogo chini ya jedwali.

Dhana: mediani ni wastani kwa jina lingine.

Sio. Panga kaya zote za kaunti mstari mmoja toka ya chini hadi ya juu, simama katikati kabisa, mapato ya kaya hiyo ndio mediani. Akihamia bilionea mmoja wastani unaruka juu, mediani haijali. Na kwa sababu hiyohiyo huwezi kuchukua mediani za kaunti 3 ukajumlisha ukagawa kwa 3 ukapata ya eneo zima, lazima urudi kwenye mafungu, kaya ngapi ziko kati ya 50,000 na 59,999 na kuendelea, uyaunganishe ya kaunti zote halafu utafute katikati upya.

Dhana: serikali inauliza kila kaya, kwa hiyo namba ni sahihi hadi dola ya mwisho.

Hapa ndio penye shida kubwa. Hata mwaka 2000 walioulizwa mapato ni karibu kaya 1 kati ya 6, na tangu 2005 kazi hiyo iko kwa ACS (American Community Survey), utafiti wa Ofisi ya Sensa unaouliza sampuli ya kaya, siku hizi unachagua anwani kama milioni 3.5 kwa mwaka kwa nchi nzima. Kaunti ikiwa na watu 65,000 kwenda juu inapata namba ya kila mwaka, zilizobaki, na ndizo nyingi, data zao zinakusanywa miaka 5 ndio zitoke. Sasa mtu anachukua 2014–2018 analinganisha na 2015–2019 anasema mwaka huu tumepanda, wakati miaka 4 ni ileile kwenye pande zote mbili! Linganisha 2010–2014 na 2015–2019, hazigusani. Na uangalie ile jumlisha-toa (±) pembeni, yaani namba inaweza kukosea kiasi gani juu au chini: kaunti ndogo ikiandikwa 52,000 na ± 6,000, mara inayofuata 55,000 na ± 5,000, huwezi kusimama mbele za watu ukasema imepanda.

Kuna wanaosema basi makadirio ya modeli, yaani yanayokokotolewa kwa kuchanganya data mbalimbali, ni ya kubuni tu. Hapana jamani. SAIPE, programu ya makadirio ya mapato na umaskini ya maeneo madogo, nayo ya Ofisi ya Sensa, inachukua ACS inaichanganya na ritani za kodi, data za msaada wa chakula wa SNAP na vitu vingine, inatoa namba ya kila mwaka kwa karibu kaunti zote hadi Loving County kule Texas iliyohesabiwa watu 64 mwaka 2020. Kwa kaunti ndogo mi naiamini kuliko sampuli peke yake, ila ujue kabla ya 2005 ilisimama juu ya utafiti mwingine, usivuke hapo kichwa kichwa.

Na mediani kupanda sio lazima wakazi wametajirika, kodi za nyumba zikipanda wa chini wanahama, wanaingia wenye hela, katikati inasogea na hakuna aliyeongezwa mshahara hata senti. Mji wa chuo nao unadanganya, wanafunzi wa bwenini hawahesabiwi kama kaya, waliopanga mtaani wanahesabiwa.

Halafu mipaka. Broomfield kule Colorado ilizaliwa 2001 kwa kumegwa kaunti nyingine, na Connecticut tangu 2022 takwimu zake zinatolewa kwa maeneo 9 ya mipango badala ya zile kaunti 8, kwa hiyo ukikuta mtu amechora mstari wa Hartford County kutoka 1990 hadi leo bila kukatika, muulize hiyo miaka ya mwisho kaitoa wapi.